Nani Alimweka Jizo Kilimani?

Tomariura, 12 Aprili 1955

Bibi Toyo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya Otaru imeanza kukuonea huruma. Sisi hapa hatujambo. Goti la Mama linauma kila mvua inapokaribia, kwa hiyo majirani wameacha kusikiliza redio, wanakuja kumwuliza yeye. Yule paka uliyemwachia dada yako, marehemu Bibi, ana kitukuu, na kitukuu huyo amezaa ndani ya sanduku la kofia la Babu. Mama hataki kuwahamisha. Maua ya micheri yamechelewa mwaka huu.

Sasa neno lenyewe, na naomba usicheke.

Serikali inataka miji midogo iungane. Sisi Tomariura tutaungana na Kawabuchi, ng'ambo ya mto, na Shiozaki kule rasini, tuwe mji mmoja wenye bandari. Mimi, karani wa muda mwenye meza karibu na mlango wa choo, nimepewa kazi ya kuandika historia ya bandari. Ni ukurasa mmoja tu. Lakini wakuu wa miji yote mitatu lazima wagonge mihuri yao chini yake siku ya kutia saini, mwezi wa kumi.

Mkuu wetu, Bwana Hirabayashi, aliniita akafunga mlango. Akasema, "Takanashi, ofisi tatu zikiwa moja, makarani watakuwa wengi kuliko viti. Niandikie kitu ambacho watu watatu wasiopendana wanaweza kukigongea muhuri. Wakigonga, una kiti. Wasipogonga, nitakuandikia barua nzuri sana ya kukusifu, uende nayo kwingine."

Tangu siku hiyo ninahesabu viti.

Shida ni Jizo, yule mtakatifu wa jiwe, mlinzi wa wasafiri, aliye juu ya Kilima cha Upepo, mahali ambapo zamani manahodha walipanda kutazama anga kabla ya kung'oa nanga. Mji mpya unataka kumtia kwenye nembo yake, na kila mji unasema ni wake. Ukurasa wangu lazima useme nani alimweka pale, na kwa nini. Wewe ulizaliwa chini ya kilima kile. Nisaidie, Bibi. Nani alimweka?

Mjukuu wako,
Mitsuo


Otaru, 30 Mei 1955

Marahaba, mume wangu mwoga,

Barua yako niliipata zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nacheka.

Huku theluji imekwisha, tope limeanza. Nimeng'oa jino, lile la mwisho upande wa kushoto, na sasa nikizungumza napiga filimbi kidogo. Wateja wanapenda. Mwambie mama yako asiwahamishe paka. Kofia ya Babu yako ilikuwa mbaya tangu mpya. Umeshaoa? Usijibu, najua.

Kuhusu Jizo sina la kusema. Mimi ni mjane wa heshima, nauza mwani na samaki wakavu, na mambo ya zamani nimeyasahau kabisa.

Lakini hebu nikuulize. Ile michirizi bado anayo? Ile inayomzunguka kifuani, kama jiwe limeliwa? Panda ukaangalie, kisha uniambie wewe msomi unadhani ni ya nini. Na uvae kitu kizito, una kifua cha kuku.

Bibi yako,
Toyo


Tomariura, 14 Juni 1955

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa jino. Sisi wazima. Mama ananenepa, na sababu ni mimi. Watu wa Kawabuchi wakisikia ninaandika historia, wananiletea mchele. Wa Shiozaki wananiletea ngisi wakavu na chumvi. Nawaambia mtumishi wa umma hapokei zawadi. Wanaziacha kizingitini na kukimbia. Nilimwomba Mama azitunze kama ushahidi. Ameula ushahidi wote.

Nimekusanya habari tatu za Jizo. Bwana Onodera, mkuu wa Kawabuchi, mtu mkubwa kama ghala, anasema babu wa babu yake, mfanyabiashara wa mchele, alimweka kwa kushukuru mizigo yake ilipofika Osaka salama. Bwana Isogai, mkuu wa Shiozaki, mwembamba, mwenye sauti ya kengele, anasema walimweka wachemsha chumvi wa kwao, na kwamba watu wa Kawabuchi enzi hizo walikuwa bado wanaogopa maji. Bwana Hirabayashi anataka niwaandike wake wa mabaharia wa Tomariura, wakiomba waume zao warudi. "Watie machozi," aliniambia. "Machozi hayapingwi na mtu."

Wote watatu wamesema wakikuta habari ya mwenzao kwenye ukurasa, hawagongi muhuri.

Nilipanda kilimani kama ulivyoniagiza. Nilivaa sweta. Michirizi ipo. Kwanza nilidhani ni maji ya mvua, lakini mvua haizunguki mgongoni na kurudi chini ya kwapa. Nikawauliza wazee wa hapa. Wakakohoa. Mmoja alikohoa mpaka nikamletea maji, akayanywa, akaniambia nina adabu nzuri, akaondoka.

Bibi, unajua kitu. Naomba uniambie. Bwana Hirabayashi ameanza kunisalimia kwa upole, na hilo linanitisha kuliko akifoka.

Mjukuu wako,
Mitsuo


Otaru, 20 Agosti 1955

Mume wangu,

Mimi ni mzima, joto tu. Nimekaa kimya muda huu wote kwa sababu nilikuwa nasubiri watu fulani wafe kwanza. Mmoja amekataa katakata. Basi, acha niandike.

Meli za tanga zilishuka kutoka huku kwetu kaskazini zimejaa mwani na samaki wa kutengenezea mbolea. Zilirudi na mchele wa Kawabuchi na chumvi ya Shiozaki, na mabaharia wakirudi na vichwa vizito vya sake ya Tomariura. Upepo ukiwa mzuri, walipakia na kuondoka. Upepo mzuri ulikuwa njaa yetu, Mitsuo. Upepo ukiwa mbaya, walikaa. Na baharia aliyekaa anakula, anakunywa, ananunua viatu vya majani asivyovihitaji, na mwisho anapenda mtu.

Sasa, Jizo kazi yake ni kulinda wasafiri. Ukimfunga kamba, atawalinda vipi? Tena anakasirika. Anavuruga bahari, na hakuna nahodha anayethubutu kutoka. Basi wanawake wa nyumba za chai walipanda kilimani na kamba chini ya kimono. Walifunga, wakashuka, wakaenda kuwapikia wageni wao uji na kuwapa pole kwa upepo.

Walidhani ni wao peke yao. Si kweli. Wa Kawabuchi nao walipanda kilimani, mchele ulipobaki ghalani. Wa Shiozaki walipanda pia, chumvi ilipokuwa bado mbichi na meli zinataka kuondoka. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na wote walijua. Ukikutana na mtu njiani juu kule, mlizungumzia maua.

Kwa hiyo nani alimweka, mimi sijui na hakuna anayejua. Nani alimfunga, ni wote. Hebu liandike hilo kwenye ukurasa wako, tuone mihuri ikigongwa.

Usiniulize nimejuaje. Nilisikia tu. Marehemu mume wangu alikuwa msaidizi wa nahodha wa meli ya huku, na alishindwa kuondoka Tomariura mara tatu mfululizo. Mara ya nne alichoka, akaja kuniposa. Mpaka anakufa alisema hajapata kuona bandari yenye upepo mbaya kama ile. Nami nilikuwa namjibu, pole sana mume wangu.

Nakutumia kifurushi. Samaki ni wa mama yako. Kamba ni ya kufungia kifurushi tu.

Toyo


Tomariura, 2 Oktoba 1955

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, Mama anashukuru sana, samaki wamekwisha. Ile kamba ya katani inatosha kufunga nyumba yetu na ya jirani. Nimeiweka kabatini, chini ya majoho ya baridi.

Siku ya saini ni keshokutwa. Nimeandika ukurasa mara nyingi mpaka karani wa karatasi amenikasirikia. Mwishowe nimeweka wake wa mabaharia, wenye machozi, kama nilivyoamriwa. Onodera na Isogai watakuja kwa boti, maana daraja la Kawabuchi lilichukuliwa na mafuriko na barabara ya rasini inapigwa na mawimbi. Muungano ndio utakaoleta fedha za daraja hilo, na za paa la shule ya Shiozaki. Wamekwishatuma habari kwamba wakiona machozi ya Tomariura kwenye ukurasa, watarudi kwenye boti zao kabla chai haijapoa. Meza yangu nimeisafisha. Vitu vyangu vinaenea kwenye kitambaa kimoja.

Nakuhakikishia kwamba sitafanya upuuzi wowote. Mimi nimesoma.

Mjukuu wako,
Mitsuo


(Simu za maandishi, 8 Oktoba 1955)

KWA TOYO OTARU. UPEPO HAUKOMI. UNAKOMESHWAJE. MITSUO

KWA MITSUO TOMARIURA. NANI KAUANZISHA. BIBI

KWA TOYO OTARU. NAULIZA TU. MITSUO

KWA MITSUO TOMARIURA. MFUNGUE. MPAKE PODA USONI. MPE SAKE. MWOMBE RADHI KWA SAUTI. BIBI


Tomariura, 16 Oktoba 1955

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa majibu ya haraka. Mama anakusalimu. Hanisemeshi vizuri wiki hii, kwa sababu ya poda yake, lakini atasahau. Wale paka wamehamia kwenye kabati langu, kwa kuwa nafasi imepatikana.

Nitakueleza yaliyotokea kwa utaratibu, nikiacha yale ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuyaeleza.

Wakuu walifika mchana wakiwa na wasaidizi wao. Nilisoma ukurasa kwa sauti. Nilipofika kwenye machozi, Bwana Isogai alicheka kama kengele ya shule.

"Wake gani wa mabaharia? Mabaharia wa kutoka wapi? Tomariura ilikuwa na walevi, haikuwa na mabaharia!"

"Na nyie Shiozaki mlikuwa na nini?" Bwana Onodera akamgeukia. "Masufuria!"

"Masufuria yenye kitu ndani, mzee. Si kama magunia yenu, nusu mchele nusu mchanga."

"Mabwana, mabwana, chai," akasema Bwana Hirabayashi, huku akinitazama mimi.

Onodera akasimama, kiti kikasimama naye, maana kilikuwa kimembana. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba kesho asubuhi anarudi kwake, na kwamba Kawabuchi itaishi bila daraja. Isogai naye akatangaza kwamba anarudi kwake, na kwamba watoto wa Shiozaki watasoma bila paa kama walivyozoea. Wakaenda kulala nyumba ya wageni.

Jioni ile nilitoka kupunga hewa. Sina la kuongeza hapo.

Asubuhi hakuna boti iliyothubutu kutoka. Mawimbi yalipanda mpaka ngazi za soko la samaki. Wageni wakakaa. Kesho yake pia, na iliyofuata. Onodera anakoroma, Isogai anaimba, na ukuta kati yao ni wa karatasi. Kwa hiyo ilibidi wafanye urafiki au wasilale kabisa. Nilipopeleka barua za ofisi niliwakuta wanacheza karata wamekaa kwenye mkeka mmoja, wakila tambi na ngisi, wakimsema Bwana Hirabayashi. Hirabayashi aliposikia wanamsema alikuja kujitetea, akabaki mpaka chakula cha jioni.

Nilifurahi, Bibi. Kisha nikaanza kuogopa. Watu watatu wakifungiwa pamoja muda mrefu kupita kiasi, urafiki nao unachacha. Isogai alikwisha kumwambia Onodera anaiba karata. Na upepo haukutaka kukoma. Ndipo nikakuletea simu.

Nilipopata jibu lako nilichukua poda ya Mama na chupa ndogo ya sake, nikapanda kilimani, kwa madhumuni ya kukagua hali ya uzio.

Jizo alikuwa amefungwa kamba tatu.

Moja ilikuwa ya katani. Fundo lake lilikuwa lile tunalofungia mafaili ofisini, mizunguko miwili na kitanzi upande wa kushoto. Siwezi kusema nani alilifunga. Ofisini tuko wengi. Ya pili ilikuwa uzi mnene wa nyavu, wenye lami, kama wanaotumia Shiozaki. Ya tatu ilikuwa kamba ya majani ya mpunga, nene kama mkono wangu, imesokotwa Kawabuchi, naijua kwa sababu magunia ya ushahidi yalifungwa hivyo hivyo.

Nilikaa chini. Kumbe hawakutaka kuondoka. Walikwishatamka mbele ya wasaidizi wao kwamba wanaondoka, na mkuu wa mji hawezi kumeza maneno yake. Basi kila mmoja alipanda kutafuta upepo wa kumzuia.

Nilifungua ile ya katani tu. Zile nyingine si za idara yangu. Nikampaka poda, nikamwagia sake, nikaomba radhi kwa sauti. Upepo ukapungua, lakini kidogo tu.

Niliposhuka, nikakutana na Bwana Isogai anapanda. Mkononi alikuwa na kopo la poda.

"Kijana," akasema, "umekuja kufanya nini huku?"

"Kutazama hali ya hewa, mzee."

"Mimi pia. Mimi pia." Akaona nalitazama kopo. "Ngozi yangu, unajua. Inakauka na upepo."

"Pole, mzee."

"Maua ya huku juu ni mazuri."

Oktoba hii, Bibi. Hapakuwa na ua hata moja.

"Mazuri sana, mzee," nikasema.

Baada ya hapo upepo ukapungua tena, lakini bahari bado ilikuwa na meno. Usiku ule nikaandika ukurasa upya. Sehemu ya Jizo inasema hivi: "Aliwekwa na watu wa ghuba hii, ambao tangu zamani hawakupenda kuona wageni wakiondoka haraka."

Niliusoma asubuhi mbele yao. Isogai alitazama dari. Onodera alitazama mikono yake. Kisha Isogai akatoa muhuri wake, akaupulizia pumzi, akagonga. Bwana Hirabayashi akauliza, "Na machozi je?" Isogai akamsogezea kidau cha wino, naye akagonga.

Onodera akasema yeye atagonga kwa sharti moja, kwamba jina la mji mpya alichague yeye. Wote wakakunja uso, wakidhani atasema Kawabuchi. Akakohoa.

"Mitsunawa," akasema. Yaani Kamba Tatu.

"Kwa nini kamba?" akauliza Bwana Hirabayashi. "Na kwa nini tatu?"

"Miji ni mitatu," Onodera akasema. "Kamba inafunga."

Isogai aliinama kufunga kiatu, na viatu vyote tulikuwa tumeviacha mlangoni. Mimi nilikuwa nimeng'ata kalamu.

Muhuri wa tatu ukagongwa. Mchana Onodera akasema anataka kutembea kidogo peke yake, kwa afya. Alirudi anahema, mkono wa joho lake mweupe kwa poda. Jioni bahari ililala kama bakuli la supu, na boti zikaondoka.

Nina kiti, Bibi. Ni karibu na dirisha. Kutoka hapo naona kilima.

Mjukuu wako,
Mitsuo


Otaru, 12 Novemba 1955

Mume wangu karani,

Nimemsomea jirani yangu barua yako, nikamsomea tena mwenye duka la chumvi, kisha nikajisomea. Hongera. Mwambie mama yako poda nitamletea mwenyewe.

Ndiyo, nitakuja. Watu wenu wameniandikia wakinialika kwenye sherehe ya mji mpya, kama mzaliwa mkongwe wa Tomariura anayeishi mbali. Kumbe ofisini kuna mtu aliyewapa anwani yangu. Miaka yote sikurudi. Sababu usiniulize, andika kwamba nilikuwa na duka. Mama yako ana goti, mimi nina filimbi, tutaelewana.

Nakuja na meli ya mwezi wa nne, na nitakaa siku tatu tu. Tatu, Mitsuo. Duka langu haliwezi kungoja zaidi.

Jambo moja la mwisho. Fundo la mafaili! Mizunguko miwili na kitanzi! Hata marehemu mume wangu angejua limefungwa na mtu wa ofisi, na yeye hakuwahi kujua chochote. Mwanamke yeyote wa nyumba ya chai angekufa kwa aibu. Nikija nitakufundisha fundo lenyewe.

Toyo


Tomariura, ofisi ya mji wa Mitsunawa, 25 Novemba 1955

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mama amefurahi mpaka goti limeacha kumwuma, na majirani wanaacha miavuli nyumbani na kulowa bure. Paka wamerudi kwenye sanduku la kofia, kwa sababu kabati langu nimelihitaji tena.

Tutakupokea gatini, sote. Bwana Onodera ataleta mchele na Bwana Isogai atakuimbia, hilo haliepukiki. Siku tatu ni chache, lakini nimezipokea kama ulivyozitaja, nami nitazitia kwenye ratiba rasmi ya sherehe.

Kama mtumishi wa umma sina budi kukutahadharisha juu ya jambo moja. Nimefanya uchunguzi wa hali ya hewa ya mwezi wa nne katika bandari hii. Haitabiriki hata kidogo.

Njoo na nguo za kutosha.

Mjukuu wako,
Mitsuo